Kwa nini picha zetu za maovu zinasimamisha watu na za fadhila zinapitwa?

Mchoraji wa Mbagala

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima.

Sisi ni wachoraji watano ambao kwa miezi tisa sasa tumekuwa tukiandaa maonyesho ya picha za rangi kuhusu fadhila na maovu katika maisha ya leo ya Dar es Salaam. Tumepata ukumbi mdogo upande wa Mikocheni, na tumekusudia kutundika picha 24, nusu za fadhila na nusu za maovu. Hadi leo tumekamilisha 17. Ninaandika kwa sababu tumefika mahali ambapo wenyewe kwa wenyewe hatuelewani, na ninaamini kuwa humu wamo watu waliokaa na picha miaka mingi kuliko sisi.

Picha za maovu zilitujia kwa urahisi ambao ulinitia hofu. Mwenzetu mmoja alichora ndani ya basi la mwendokasi litokalo Kimara asubuhi: abiria wamebanana, mama mjamzito amesimama huku ameshika bomba kwa mikono miwili, na mbele yake ameketi kijana mwenye shati safi la ofisini, amefumba macho, lakini kidole gumba chake kingali juu ya kioo cha simu, hivyo kila anayetazama anajua kwamba hajalala. Mwingine, ambaye alijifunza kwa wachoraji wa Tingatinga na bado anatumia rangi zao za kung'aa juu ya hadibodi, alichora ajali ya bodaboda: watu 11 wamemzunguka majeruhi, 10 kati yao wameinua simu kurekodi, na mikono inayomgusa aliyelala chini ni miwili tu. Mimi nilichora vijana wa kijiweni usiku wakisubiri matokeo ya mikeka yao ya kubeti, nyuso zao zikimulikwa kutoka chini na mwanga wa simu, na nyuma yao mlango wa nyumba ulio wazi ambapo mtu amesimama akingoja. Tulipozipanga uani kwangu na kuwaalika majirani, watu walisimama mbele ya picha hizo kwa muda mrefu, wakacheka, wakanyamaza, kisha wakaanza kutajana majina kwa sauti ya chini.

Walipofika kwenye picha za fadhila walipita tu. Tunaye konda anayemrudishia bibi chenji yake, tunaye kijana anayemvusha mzee Barabara ya Kilwa, tunaye muuguzi anayetabasamu kando ya kitanda. Mama mmoja wa mtaani kwetu, asiye na nia yoyote mbaya, aliniuliza kama hizo zinakwenda kutundikwa zahanati. Niliumia kwa sababu alisema kweli. Rangi zimekaa vizuri, na hata viganja, ambavyo humshinda mchoraji kuliko uso, vimetoka vizuri, lakini ni mabango yanayomwambia mtu jambo analolijua tayari.

Mwenzetu mmoja anapendekeza tuachane na fadhila kabisa, tutundike maovu 24, kwa hoja kwamba wema haufai kuchorwa. Mimi ninakataa. Baba yangu alipofariki, usiku uleule, kabla sisi wafiwa hatujajua hata tuanzie wapi, majirani walikuwa wamekwisha kufunga turubai, kupanga viti, kujaza mapipa ya maji na kuwasha moto wa masufuria makubwa, na mpaka leo sijui ni nani aliyelipia mkaa. Nikilionyesha jiji hili bila jambo hilo nitakuwa nimelisingizia. Hata hivyo nimejaribu mara tatu kuuchora usiku ule, na mara zote tatu umetoka kama picha ya kalenda.

Ipo pia picha moja inayoninyima usingizi. Ni ya mama ambaye vijana wa mikopo ya kausha damu wanatoka nyumbani kwake wamebeba televisheni na godoro, naye amesimama mlangoni. Tuliipa jina la "Tamaa". Siku ile ya uani mwanamke mmoja aliitazama, akaweka kikombe chake cha chai chini, akaondoka bila kuaga. Naomba mnisaidie kuelewa tulimkosea nini, na kama ni sahihi kuandika chini ya picha jina la uovu au la fadhila yenyewe, na zaidi ya yote, ni kwa njia gani mtu anaweza kuuchora wema ukawa na uhai uleule ulio nao ubaya.

Mwalimu wa Sanaa Mstaafu

Binti yangu, pole na kazi, na umefanya vyema kuuliza kabla kuta hazijajaa.

Jambo linalokusumbua halikuanza kwako. Mwanzoni mwa karne ya 14, mchoraji Giotto alipopaka rangi kuta za kanisa dogo la ukoo wa Scrovegni mjini Padova, Italia, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 1305, alipanga sehemu ya chini fadhila saba ukuta mmoja na maovu saba ukuta wa pili, kila moja ikikabiliana na kinyume chake, na zote amezipaka kijivu kana kwamba zimechongwa kwa jiwe. Husuda ni bikizee mwenye masikio makubwa, anasimama katika moto, amekumbatia mfuko wa fedha, na kinywani mwake anatoka nyoka anayejipinda na kumrudia yeye mwenyewe machoni. Aliyekwisha kuiona picha hiyo haisahau. Lakini nakuomba umtazame anayemkabili upande wa pili, yaani Upendo, mwanamke kijana aliyeshika chombo kilichojaa matunda na maua. Angekuwa ameshika matunda tu, angefaa kuwa bango la zahanati yako. Kinachomwokoa ni miguu yake, kwa sababu amesimama juu ya mifuko ya fedha. Kile ambacho Husuda amekikumbatia, yeye anakikanyaga.

Sasa rudi kwa konda wako uniambie anapoteza nini. Katika picha yako, kama ulivyoieleza, hapotezi kitu. Anatoa sarafu na kutabasamu, na ndiyo maana hatumwamini. Konda wa kweli ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari jioni. Mchore basi likiwa nusu tupu, jua limeinama, noti alizozikunja kati ya vidole vyake ni chache, bibi amekwisha kushuka na kusahau kabisa kwamba alikuwa anadai, na konda ameruka chini anamkimbilia huku dereva akipiga honi kwa hasira. Hapo fadhila imepata bei, na mtazamaji ataanza kujiuliza kama yeye angeruka.

Kiswahili chenyewe kilikuwa tayari kukusaidia. Kwetu fadhila si tabia njema iliyojificha ndani ya mtu tu. Ni jambo ambalo mtu humtendea mwenzake, na kwa sababu hiyo tunasema kulipa fadhila, na kwa sababu hiyohiyo tunamlaumu punda kwa mateke yake. Basi usiitafute fadhila katika uso wa mtu mmoja anayetabasamu. Itafute katika nafasi iliyo kati ya watu wawili, na uangalie ni nani kati yao anaondoka akiwa amepungukiwa.

Nitaongeza mfano mmoja ambao nimeishi nao miaka mingi kupitia vitabu, kwa kuwa sikujaliwa kufika Siena. Mwaka 1338 na 1339 Ambrogio Lorenzetti alipaka katika ukumbi wa watawala wa mji huo picha kubwa za utawala mwema na utawala mbaya. Upande wa mbaya yuko Dhalimu mwenye pembe, na Haki amefungwa kamba miguuni pake. Upande wa mwema amechora mji, na katika mji ule wema umeenea bila mtu hata mmoja kusimama akiutangaza: fundi viatu yuko dukani, mwalimu anafundisha, waashi wako juu ya jukwaa wanajenga, watu wanaingia na kutoka langoni na mizigo yao bila woga. Kila ninapopita Kariakoo alfajiri, wakati wapagazi wanapishana na mikokoteni na wenye maduka wanafungua makufuli, huwa naukumbuka ukuta ule.

Wala si lazima uende Italia. Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993, alitumia maisha yake kuchora watu wanaofanya kazi kwa pamoja; picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo katika Museum of Modern Art, New York, na ndani yake hakuna anayetufundisha kitu, wanatembea tu na mizigo yao. Wamakonde nao wamekwisha kulijibu swali lako kwa patasi. Mpingo uleule hutoa shetani na hutoa ujamaa. Shetani hupindapinda na kutoboka, viungo havijulikani vimeanzia wapi. Ujamaa ni nguzo ya watu waliobebana, miguu ya mmoja juu ya mabega ya mwingine, na ukitaka kumwondoa mmoja huna budi kuivunja nguzo yote. Ninyi mmeonyesha kwamba shetani mnamweza. Nguzo bado hamjajaribu.

Kuhusu usiku wa msiba, nadhani umekuwa ukiwachora wafiwa katikati na majirani pembeni. Waondoe wafiwa. Mchore huyo aliyelipia mkaa, hata kama hutamjua milele. Mchore mtu anayebeba viti vinne kwa mara moja akiwa amevaa sare ya ulinzi, kwa kuwa zamu yake inaanza saa sita usiku.

Mama Wawili, Temeke

Shikamoo Mwalimu. Dada mchoraji, mimi si mtu wa sanaa, nina meza ya samaki wa kukaanga, lakini swali lako la yule mwanamke aliyeweka kikombe chini ninaweza kulijibu, kwa sababu ningeweza kuwa mimi.

Nilikopa shilingi 300,000 mtoto wangu wa pili alipolazwa. Kabla sijazishika walikata ya fomu na ya kile walichokiita bima, na marejesho yalikuwa kila Jumatatu, mvua inyeshe au samaki wakosekane feri. Wiki nane nililipa bila kukosa. Wiki mbili zilizofuata nilishindwa, na Jumatatu ya tatu wakaja vijana watatu na guta wakachukua vitu, mchana, mtaa mzima ukitazama. Kwa hiyo ninaposoma kwamba picha ya mwanamke kama mimi imeitwa "Tamaa", najiuliza mliiona wapi hiyo tamaa. Nilichotamani ni mtoto apone, na alipona.

Nadhani kosa halikuanzia kwenye jina, limeanzia kwenye picha yenyewe. Umeeleza kwamba mama amesimama mlangoni na vijana wanatoka na mizigo. Basi mwenye uso ni mama peke yake, na neno lolote la aibu mtakaloliandika chini ya picha litamwangukia yeye, kwa sababu hakuna mwingine wa kulipokea. Vijana wale hawafaidi. Wanalipwa posho ya siku, na mmoja wao hakuweza kuniangalia machoni. Aliyefaidi sikuwahi kumwona. Mimi ningependa kuiona picha ambayo yeye yumo.

Jambo jingine ni kwamba majirani zangu siku ile walitazama na hawakusema neno, lakini jioni mama wa nyumba ya pili alituma mtoto wake na mkeka na shuka, akaniambia nisirudishe. Sijui ninyi mngeliweka hilo katika nusu ipi ya picha zenu 24.

Kaka wa Kigamboni

Ninawaheshimu wote waliotangulia, na Mama pole sana kwa yaliyokukuta. Hata hivyo naomba kutofautiana kidogo, kwa sababu naona mazungumzo yanaelekea mahali ambapo kila mwovu atatafutiwa mtu wa kumbebea uovu wake.

Mdogo wangu alikuwa na kazi na hakuwa na mgonjwa. Alianza kubeti kwa shilingi 500, akaendelea kwa mshahara, na mwisho aliuza cherehani ya mama yetu, ambayo ndiyo iliyotusomesha sote, akamwambia imeibwa. Mama alikwenda kutoa taarifa polisi kwa wizi uliofanywa na mwanawe aliyekuwa amemsindikiza. Ni kweli kwamba wapo wanaotajirika kwa michezo hiyo, lakini hakuna kati yao aliyeingia chumbani kwa mama yangu usiku. Picha ya vijana wa kijiweni naiomba ibaki na ukali wake wote. Nina haja ya kumpeleka mdogo wangu akasimame mbele yake, na mkimlainishia hatajiona.

Mwalimu wa Sanaa Mstaafu

Marahaba Mama, na nakushukuru, maana umenifundisha kitu. Nimelisimulia kanisa la Padova bila kusema fedha zake zilitoka wapi. Aliyelijenga ni Enrico Scrovegni, na baba yake, Reginaldo, alijulikana kwa kukopesha kwa riba kiasi kwamba mshairi Dante alimweka katika moto wa jehanamu pamoja na wala riba wengine. Ile mifuko inayokanyagwa na Upendo, basi, ilikuwa ndani ya nyumba ya mkopeshaji. Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana juu ya nyoka na masikio, na hilo nikalipitia kama jambo dogo.

Kwako Kaka, sioni kwamba unachokiomba kinapingana na anachokiomba Mama. Katika miaka ya 1730 mchoraji Hogarth wa London alichora picha nane zinazofuatana za kijana aliyerithi mali na kuitapanya, na ya sita iko ndani ya nyumba ya kamari. Kijana amepiga magoti sakafuni, wigi limemdondoka, amepoteza kila kitu na anailaani mbingu. Hakuna ulaini wowote katika namna alivyochorwa. Nyuma, moto umeanza kuushika ukuta na karibu wote waliomo hawajautambua. Lakini pembeni, kwa utulivu kabisa, ameketi mkopeshaji anaandika deni la mteja mwingine katika daftari lake. Hogarth hakumpunguzia kijana yule lawama hata chembe, na mwenye daftari pia hakumwacha nje ya mlango. Zote mbili zimo katika fremu moja, nasi tunaziona kwa wakati mmoja. Binti, mwenye daftari wako yuko wapi?

Mtundika Picha

Nimefanya kazi ya kutundika picha za watu katika kumbi za jiji hili kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia kuta na majina tu.

Kuhusu majina, nawashauri msiandike "Tamaa", "Uchoyo" au "Ukarimu". Mtu akishalisoma neno la namna hiyo hatazami tena; anakuwa amepewa jibu, na anakwenda kwenye picha inayofuata kutafuta jibu jingine. Tazameni kanga. Ina pindo, ina mji, na chini ya mji lipo jina, lakini jina la kanga halimwiti mtu mchoyo wala hasidi. Linasema jambo moja, kwa mfano "Hasidi hana sababu", kisha linanyamaza, na kila anayepita njiani anajua mwenyewe kama limemlenga. Mkitumia maneno ya namna hiyo chini ya picha, mengine mkayatunga wenyewe, watu wa hapa watayasoma kama wanavyoyasoma mgongoni mwa mama sokoni, yaani watasoma kisha watageuka kutafuta aliyeambiwa.

Kanga pia huuzwa kwa doti, vipande viwili vya nakshi moja ambavyo havijakatwa. Mnaweza kuchora jozi kadhaa kwa mtindo huo: mahali palepale, saa ileile, watu walewale, na kilichobadilika ni mkono wa mtu mmoja. Basi la Kimara linafaa sana kwa jambo hilo, kwa sababu kijana yule akiinuka, picha yote inabadilika ingawa hakuna aliyeingia wala kutoka. Hata hivyo sishauri jozi kwa picha zote 24. Jozi zikizidi, mtazamaji anazihesabu badala ya kuziona.

Ukumbi kama ni mwembamba, mna bahati. Tundikeni picha zinazokabiliana kwenye kuta mbili, katikati ya kila picha pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na msiweke chochote katikati ya ukumbi, ili mtazamaji asimame kati ya pande mbili na akiitazama moja awe ameipa nyingine mgongo.

Mwisho ni ile picha ya ajali iliyopakwa rangi za kung'aa. Kwa kawaida sisi watundikaji tunazihangaikia picha za namna hiyo, kwa sababu tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 na rangi zile ambazo watu walipakia baiskeli, uso wa picha hizo umekuwa ukirudisha mwanga kama kioo na mtu haoni vizuri mpaka asogee pembeni. Safari hii msihangaike. Itundikeni ukutani ikitazamana moja kwa moja na dirisha au mlango. Atakayeisogelea ataona sura yake mwenyewe ikielea juu ya wale watu 10 walioinua simu.

Mchoraji wa Mbagala

Mwalimu, shikamoo, na wote nawashukuru kwa moyo wangu wote. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana jioni, wawili wakiwa wamesimama kwa kukosa viti, na tulikaa hadi saa nne usiku.

Picha za konda, mzee wa Barabara ya Kilwa na muuguzi tumezishusha. Konda ninaanza upya leo, naye ataruka. Muuguzi atachorwa na mwenzetu ambaye dada yake ni muuguzi wa zamu ya usiku, na ameniambia kuwa hatakuwa akitabasamu: atakuwa ameketi kwenye ngazi saa kumi na moja alfajiri, amevua kiatu kimoja, na mkono wake mwingine umeshikwa na mtoto wa mgonjwa ambaye hataki kuuachia. Mwenzetu aliyetaka maovu 24 hakukubali wala hakukataa, lakini ameomba apewe ubao wa usiku wa msiba, na mimi nimempa, kwa sababu yeye hakuwapo usiku ule na huenda ndiyo maana ataweza kumwona aliyelipia mkaa.

Kaka wa Kigamboni, picha ya kijiweni sitailainisha. Nilichoongeza ni katika ule mlango wa nyuma. Nilikuwa nimemchora mtu anayengoja bila kumpa sura. Sasa ni mama, na juu ya meza iliyo pembeni yake ipo alama safi ya mstatili katika vumbi, mahali ambapo cherehani ilikuwa inakaa. Kama unaona nimechukua kisichokuwa changu, niambie na nitaiondoa. Siku utakayomleta mdogo wako tutakufungulia ukumbi kabla ya watu wengine, ili asitazamwe wakati anatazama.

Mama Wawili, kwako sina neno la kutosha. Tulichora aibu yako tukadhani tumechora uovu. Jina tumelifuta. Katika picha mpya mama hatakuwa katikati. Katikati kutakuwa na mkono wenye saa nzuri unaoandika daftarini, kwenye kivuli ndani ya gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, na kwa mbali upande wa pili mtoto anakuja na mkeka na shuka kichwani. Bado siuoni vizuri mtaa ule. Ukiwa na nafasi Jumamosi yoyote, ningefurahi sana uje uitazame ikiwa mbichi, kabla sijaimaliza, na unieleze palipo na uongo.

Mama Wawili, Temeke

Dada, nitakuja Jumamosi nikishafunga meza.

Kwa sasa nina jambo moja ambalo sikulisema mwanzo, kwa kuwa sikujua kama lina maana. Walipoingia kuchukua godoro, mwanangu mdogo alikuwa amelala juu yake. Yule kijana ambaye hakuniangalia machoni ndiye aliyemwinua. Alimbeba taratibu asiamke, akatandika kanga yangu sakafuni, akamlaza, akamfunika upande uliobaki, kisha akashika godoro na kutoka nalo. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko lile la televisheni, na mpaka leo sijui nimchukie au nimshukuru. Kama unaweza kumchora mtu huyo, mchore akiwa ameinama, kabla hajashika godoro.